Jina Lililo Juu ya Boksi: Kifaru Chepesi cha Batalioni ya 761

Mwezi uliopita mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu aliingia ofisini kwangu kuchukua insha yake. Baada ya shikamoo na marahaba, macho yake yalitua mezani, pale nilipokuwa nimeacha kitu cha plastiki chenye urefu usiozidi sentimita 14, chenye mnyororo upande mmoja tu na kisicho na kichwa. "Dokta, hiki ni cha mtoto wako?" Nikamjibu kwamba ni changu mwenyewe, kwamba ni modeli ya kifaru chepesi cha Marekani cha Vita Kuu ya Pili, na kwamba jioni ile nilikusudia kukipachika mnyororo wa pili. Alitabasamu kwa adabu, tabasamu la kijana anayemstahi mzee aliyeanza kurudi utotoni, akachukua insha yake na kuaga.

Swali lake lilibaki nami. Mtu anayelipwa kufundisha historia ya siasa anatafuta nini katika kuunganisha vipande vya plastiki vya chombo kilichoundwa kuua? Jibu nililokuwa nikilitoa zamani, kwamba kazi ya mikono huipumzisha akili, halinitoshi tena, maana modeli hii imenisumbua kuliko zote nilizowahi kuziunda. Na kilichonisumbua zaidi ni jina lililoandikwa juu ya boksi.

Ila kwanza kipimo. Modeli hii ni ya uwiano wa 1:35, yaani kila sentimita moja ya plastiki inasimama mahali pa sentimita 35 za chuma. Asiyejua atadhani namba hiyo imetokana na kanuni fulani ya uhandisi. Haikutoka huko. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Tamiya, ya mji wa Shizuoka nchini Japani, ilitaka kutengeneza modeli ya kifaru cha Kijerumani aina ya Panther itakayotembea kwa mota, na ukubwa wa kiwiliwili ukaamuliwa na mota pamoja na betri zilizopaswa kukaa ndani yake. Ilipopimwa baadaye, ikaonekana kuwa ni takriban sehemu moja ya 35 ya kifaru halisi. Ikauzika sana, nyingine zikafuata kipimo hicho hicho, washindani wakaiga, na leo wapenzi wa modeli duniani kote wanakiheshimu kipimo kilichozaliwa na betri. Nakitaja kisa hiki kwa kuwa kinaonyesha jinsi jambo la bahati linavyogeuka kuwa sheria kwa kurudiwarudiwa tu. Majina nayo huota mizizi kwa njia hiyo.

Kifaru chenyewe kwa jina la kijeshi ni M5A1. Kilikuwa na urefu wa mita 4.8 hivi, uzito wa tani 15, na nafasi ya watu wanne: dereva na msaidizi wake mbele, kamanda na mpiga mzinga juu, ndani ya kichwa kinachozunguka. Mzinga wake ulikuwa wa milimita 37. Ukigawanya kwa 35 unapata tundu la milimita moja tu, ambalo nililichimba kwa ncha ya sindano iliyopashwa moto, nikaliharibu mara moja, nikaanza upya. Kiwiliwili cha kifaru hiki kiliunganishwa kwa kuchomelea, tofauti na ndugu yake mkubwa M3, ambaye mwanzoni aliungwa kwa ribiti. Hivyo mjenzi wa modeli hana budi kuiga mishono ya kuchomelea, alama nyembamba mithili ya kovu zinazokimbia kwenye kingo za vibamba. Unakata kila kipande kutoka kwenye fremu yake, unakisugua kwa msasa mpaka alama ya kukatia ipotee, unagusisha gundi ya majimaji kwa brashi nyembamba, unashika, unahesabu hadi thelathini. Haraka haina nafasi hapo.

Kuna jambo moja nililoligundua nikiwa na rula mkononi. Kuta za plastiki za modeli yangu zina unene wa milimita moja na kitu. Kwa uwiano huo zingekuwa chuma cha milimita 35 au zaidi. Deraya halisi ya ubavuni mwa M5A1 haikufikia milimita 30. Yaani kuta za mchezo huu, kwa uwiano, ni nene kuliko zile ambazo vijana wanne walijificha nyuma yake mbele ya mizinga ya Kijerumani. Nimesoma vitabu vingi vinavyosema kwamba vifaru vyepesi vilikuwa dhaifu. Sikuwahi kuuhisi udhaifu huo kama nilivyouhisi siku ile nikiwa na kipande cha plastiki baina ya vidole viwili.

Injini zake zilikuwa mbili, za silinda nane kila moja, zilizotoka kwenye magari ya kifahari ya Cadillac, pamoja na giaboksi inayojibadilisha yenyewe. Sababu ilikuwa ya kiuchumi: M3 ilitumia injini za aina ya ndege, na ndege zilizihitaji injini hizo zaidi. Mwaka 1942 kiwanda cha Cadillac mjini Detroit kikaanza kuunda vifaru badala ya magari ya matajiri. Detroit hiyohiyo ilikuwa imefurika wafanyakazi kutoka Kusini, weusi kwa weupe, waliofuata ajira za vita. Rais Roosevelt alikuwa ametoa amri mwezi Juni 1941 kukataza ubaguzi katika viwanda vya ulinzi, lakini amri ya rais ni kitu kimoja na mlango wa kiwanda ni kingine. Mwanzoni mwa Juni 1943 maelfu ya wafanyakazi weupe wa kiwanda cha Packard, mjini humo, waligoma kwa sababu wenzao weusi watatu walikuwa wamepandishwa kwenye kazi za ustadi. Kabla mwezi haujaisha ghasia za kikabila zilikuwa zimeua watu 34, 25 kati yao weusi, na jeshi likaitwa kutuliza mji uliokuwa ukijiita ghala la silaha la demokrasia.

Sasa nirudi kwenye boksi. Juu yake, kwa herufi kubwa, imeandikwa "Stuart". Jina hilo halikutoka kwa Wamarekani waliokiunda. Wao kwa kawaida walikiita kwa herufi na namba. Waingereza, waliovipokea vifaru vya Marekani kwa mkopo wa vita, ndio waliokuwa na desturi ya kuvipa majina ya majenerali wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865: Lee, Grant, Sherman, Stuart. Grant na Sherman walipigania Muungano. Lee na Stuart walipigania majimbo yaliyojitenga ili kuulinda utumwa. Kwa ofisa wa London, nadhani, wote walikuwa majenerali tu wa nchi ya mbali, na Stuart, kamanda wa wapanda farasi, alifaa kwa kifaru chenye mbio. Baada ya vita vitabu vikalishika jina, kisha watengenezaji wa modeli wakalichapa juu ya maboksi yao, na leo ukitamka M5A1 mbele ya wapenzi wa vifaru watakusahihisha kwa upole: "Ah, Stuart."

Huyu J. E. B. Stuart alikuwa nani? Mzaliwa wa Virginia, aliyekufa Mei 1864 kwa risasi ya Muungano akiwa na umri wa miaka 31. Wengi humkumbuka kwa kofia yake yenye unyoya na kwa kulizunguka jeshi zima la adui akiwa na farasi wake. Mimi namkumbuka kwa jambo la awali zaidi. Oktoba 1859, John Brown, Mmarekani mweupe aliyeamini kwamba utumwa hautaondoka bila damu, alivamia ghala la silaha la serikali huko Harpers Ferry akiwa na kikundi kidogo cha wafuasi, weusi na weupe, kwa nia ya kuwagawia watumwa silaha. Serikali ikamtuma Kanali Robert E. Lee pamoja na askari wa majini. Aliyekwenda mlangoni mwa jengo alimojifungia Brown, akiwa na barua ya kumtaka ajisalimishe, alikuwa Luteni kijana aliyeitwa Stuart. Brown akakataa masharti. Stuart akajitoa mlangoni, akapunga kofia, na askari wakauvunja mlango. Brown alinyongwa tarehe 2 Desemba mwaka uleule.

Basi fikiria, ndugu msomaji: jina la mtu aliyepunga kofia ili mpango wa kuwapa watu weusi silaha uzimwe, miaka 80 na ushei baadaye likabandikwa kwenye kifaru ambacho ndani yake walikaa watu weusi wenye silaha.

Watu hao walikuwa wa Batalioni ya Vifaru ya 761, iliyoundwa tarehe 1 Aprili 1942 katika kambi ya Claiborne, Louisiana. Jeshi la Marekani lilikuwa limetengwa kwa rangi kutoka jikoni hadi kanisani. Mwaka 1925 Chuo cha Vita cha jeshi hilo kilikuwa kimetoa ripoti, kwa lugha ya kisayansi kabisa, iliyodai kwamba mtu mweusi ana akili pungufu na moyo wa woga, na maofisa waliopanga jeshi la mwaka 1942 walilelewa katika fikra hizo. Wanajeshi wa 761 walianza mafunzo yao kwa vifaru vyepesi, wakahamishiwa kambi ya Hood, Texas, na hapo wengi wakapewa vifaru vya kati vya Sherman. Kombania moja kati ya nne, Kombania D, ilibaki na M5A1. Kambi ya Hood nayo ilibeba jina la jenerali mwingine wa Kusini, John Bell Hood. (Mwaka 2023 jina hilo liliondolewa, mwaka 2025 likarudishwa, safari hii kwa maelezo kwamba anayeenziwa ni Hood mwingine, ofisa wa Vita Kuu ya Kwanza. Wanaofundisha siasa hawahitaji kutunga mifano.)

Kambini Hood alikuwapo Luteni mmoja wa 761 aliyeitwa Jackie Robinson. Tarehe 6 Julai 1944 alipanda basi la jeshi, dereva akamwamuru aende akakae nyuma, naye akakataa. Mabasi ya jeshi yalikuwa tayari yamekatazwa kutenga watu kwa rangi, lakini tulishasema kuhusu amri na mlango. Kamanda wa batalioni, Luteni Kanali Paul Bates, mtu mweupe, alikataa kusaini mashtaka; Robinson akahamishiwa batalioni nyingine ambako palipatikana mtu wa kusaini. Mahakama ya kijeshi ikamwachia huru Agosti mwaka huo, lakini hakwenda Ulaya na wenzake. Dunia ilikuja kumjua mwaka 1947, alipoingia uwanjani na Brooklyn Dodgers na kuvunja utengano katika ligi kuu ya besiboli.

Batalioni iliingia vitani mashariki mwa Ufaransa mapema Novemba 1944, chini ya Jeshi la Tatu la Jenerali Patton. Patton aliwapokea kwa hotuba ya kuwatia moyo, ilhali katika maandishi yake yaliyochapishwa baada ya kifo chake alionyesha shaka kama mtu mweusi anaweza kufikiri haraka kiasi cha kupigana ndani ya kifaru. Tarehe 16 Novemba, karibu na kijiji cha Guebling, kifaru cha Sajini Ruben Rivers wa Oklahoma kilikanyaga bomu la kutegwa ardhini, mguu wake ukachanika hadi mfupa. Alikataa morfini, akakataa kuondolewa, akahamia kifaru kingine. Siku tatu baadaye, akiwafunika wenzake waliokuwa wakirudi nyuma chini ya mizinga, aliuawa. Kapteni wake, David Williams, alisema alimpendekeza mara moja kwa Nishani ya Heshima. Jeshi lilisema baadaye kwamba halina kumbukumbu ya pendekezo hilo. Hakuna hata mwanajeshi mweusi mmoja aliyepewa nishani hiyo wakati wa Vita Kuu ya Pili. Familia ya Rivers iliipokea Januari 1997, miaka 52 baada ya kifo chake.

Rivers alikuwa kwenye Sherman, si kwenye kifaru changu. Vifaru vyepesi vya Kombania D havikuwa na habari za kishujaa za namna hiyo. Mzinga wa milimita 37 haukuwa na maana mbele ya vifaru vikubwa vya Wajerumani, kwa hiyo kazi yao ilikuwa kupeleleza, kulinda mbavu za vikosi, na kusafisha viota vya bunduki za rashasha. Ni kazi zisizoingia kwenye filamu. Nadhani ndiyo sababu nilichagua kujenga hiki na si Sherman: nilitaka kukaa na wale ambao hata katika batalioni iliyosahauliwa wanasahauliwa mara ya pili.

Hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu. Boksi lilikuja na vibandiko vya alama za batalioni nyingine kadhaa, 761 haikuwamo. Kwa kanuni za jeshi hilo mbele ya kifaru huandikwa namba ya jeshi, namba ya batalioni yenye pembetatu, na herufi ya kombania. Nilikata namba moja moja kutoka kwenye vibandiko vilivyobaki vya modeli za zamani: saba kutoka huku, sita kutoka kule. Moja ilinipa shida kuliko zote kwa sababu ya wembamba wake.

Kisha likaja suala la kamanda, yule anayetokeza kiunoni juu ya kichwa cha kifaru. Plastiki yake ni ya kijivu kama vipande vingine vyote. Ni mjenzi anayempa rangi. Karatasi ya maelekezo ilitaja, kwa uso na mikono, rangi ya chupa iitwayo kwa Kiingereza "rangi ya mwili". Nilifungua kifuniko. Ndani mlikuwa na uji wa waridi iliyofifia. Nimeishi miaka mingi na mwili huu, na sikumbuki siku hata moja ulipokuwa na rangi ile. Sitaki kulikuza jambo hili kupita kimo chake; chupa haina nia mbaya. Lakini mpenzi wa modeli ambaye hubishana usiku kucha kuhusu kivuli sahihi cha kijani cha zeituni, na anayejua kuwa kijani hicho sharti kipaukishwe kidogo kwa kuwa kitu kidogo huonekana cheusi kuliko kikubwa, mtu huyo huyo huipaka "rangi ya mwili" bila kuuliza mwili wa nani. Nilichanganya kahawia, nyekundu kidogo na tone la njano, mara tatu, mpaka ikatulia. Kichwa kizima hakifiki milimita saba.

Kifaru hiki kilifika pia Burma, chini ya majeshi ya Uingereza na India, katika vita ambavyo babu zetu wa KAR walipigana kwa miguu kwenye bonde la Kabaw mwaka 1944. Wao hawakupewa vifaru, na hakuna Mwafrika wa KAR aliyepewa cheo cha ofisa kamili hadi vita ilipokwisha. Kwa hali hiyo, askari wa Tanganyika au Kenya angemwona Luteni mweusi wa 761 kama kiumbe wa ndotoni, ilhali Luteni huyo hakuweza kukaa mbele kwenye basi.

Nilikuwa nimechagua tarehe ya modeli yangu kutoka kwenye picha moja ya jeshi la Marekani. Ilipigwa mjini Coburg, Ujerumani, tarehe 25 Aprili 1945: wahudumu wa vifaru vyepesi vya 761 wanasubiri kuitwa kwenda kusafisha mabaki ya viota vya rashasha. Siku chache baadaye, mapema Mei, batalioni ilifika Steyr, Austria, ikakutana na Warusi, ikiwa imekaa vitani siku 183. Truman alitoa amri ya kuondoa utengano jeshini Julai 1948. Tuzo ya rais kwa batalioni nzima ilikuja mwaka 1978.

Kibao cha mbao chini ya modeli nimekiandika kwa mkono: Kifaru chepesi M5A1, Kombania D, Batalioni ya 761, Coburg, Aprili 1945. Lile jina la kwenye boksi sikuliweka.

Mwanafunzi wangu alirudi wiki iliyopita kudai alama mbili, na alistahili moja. Alipokuwa akiinuka alikiona kifaru kikiwa kimekamilika, akainama, akatazama kwa muda. Safari hii hakuuliza ni cha nani. Aliuliza, "Dokta, huyu aliye juu ni nani?" Nikamwambia arudi kwenye kiti, nikavuta droo kutafuta ile picha.